Mkoroga Chai Daraja la Pili

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani. Waliokuja kuichora walikaribishwa chai kila ofisi waliyopita, mwisho wakachoka, wakarudi kwao. Ukiitambua, umeitambua wewe. Mimi sikuitaja.

Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyehudumiwa ofisini kabla ya kunywa chai. Huo ndio ulikuwa ustaarabu wetu, na kwenye katiba uliandikwa juu kidogo ya haki ya kuishi. Ukienda kuomba cheti cha kuzaliwa, unapewa kikombe dirishani. Ukirudi kulalamika kwamba cheti kimekufanya mjomba wa mama yako, dirisha la pili, kikombe cha pili. Sukari ilikuwa kwa cheo. Mwananchi wa kawaida alipata vijiko vinne. Mkurugenzi alipata kumi. Waziri alipata kumi na sita, na kijiko chake kilisimama wima katikati ya kikombe kama mlingoti wa bendera, na waliokuwemo chumbani walisimama pia.

Kukataa sukari lilikuwa kosa. Kiwanda cha sukari kilikuwa mali ya taifa, nalo taifa lilikuwa la shemeji yake Mtukufu Kiongozi.

Mimi nilikuwa Mkoroga Chai Daraja la Pili. Usicheke. Nilimaliza kidato cha nne, nikachaguliwa, nikapelekwa chuo. Tulifundishwa kwamba mwananchi haoni sukari ikiingia kikombeni, kwa hiyo ni lazima aisikie. Mkorogo wa daraja la tatu unasikika dirishani tu. Wa daraja la pili unafika mwisho wa foleni. Kijiko changu nilikivaa kwenye mfuko wa shati, kichwa chake kikichungulia nje, kama daktari anavyoning'iniza kile chombo chake cha kusikilizia mapafu. Binti yetu Milembe alipoolewa waliniomba nikitoe kwa ajili ya picha. Nilikataa. Mpaka leo picha zile ukizitazama, kijiko kinang'aa kuliko bwana harusi.

Mke wangu Nyamizi alinikuta kila asubuhi nikikisugua kwa majivu.

"Baba Milembe, hebu nikumbushe," alikuwa akisema. "Ulisoma miaka yote ile ili uje kuzungusha maji?"

"Si maji. Ni chai ya taifa."

"Haya, lizungushe taifa. Ila uwahi kurudi, kuna kuni za kupasua."

*

Halafu kuzeeka kulikuwa kumesimamishwa. Mtukufu Kiongozi alipofikia umri ambao watu huanza kumuuliza mtu atapumzika lini, alitangaza redioni kwamba uzee ni uvivu wa mwili, na serikali yake haitavumilia uvivu. Tangu siku hiyo mwenye magoti mabovu aliandikiwa hospitalini kwamba ana magoti yenye shauku. Asiyeona tena alipewa hongera, macho yake yamekamilisha majukumu. Tulizeeka mapema kuliko watu wa nchi jirani zote, meno yakitangulia kutoka kabla ya mvi kuingia, lakini tulizeeka kwa siri, kila mtu nyumbani kwake, mapazia yakiwa yamefungwa.

Nyamizi alianza kuzeeka mguuni. Kiatu kilimchubua kisigino, na kile kidonda kikakaa, kikakaa tena, kama mgeni asiyejua kuaga. Kiu haikumwisha. Nikampeleka hospitali. Akanywa chai getini, akanywa mapokezi, akanywa mlangoni mwa maabara, kisha wakampima sukari, na mpimaji akashangaa sana imetoka wapi.

Dokta Hamduni alifunga mlango. Akafungulia bomba la maji kwa nguvu ili lipige kelele, ndipo akasema.

"Mama, tumboni mwako kuna wapangaji. Vijidudu. Ni wengi kuliko watu wa nchi hii, na wengi wao ni wema. Chakula chao ni makapi, yale magumu ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyasaga. Majani, kunde, nafaka isiyokobolewa. Wakishiba wanakukarabatia kuta za utumbo. Sasa wewe makapi huwapi, kutwa unashusha sukari. Inanenepesha wahuni. Wale wema wakilala na njaa siku nyingi, wanaanza kuutafuna ukuta wa nyumba."

"Nimewahi kuwa na wapangaji wa namna hiyo," akasema Nyamizi. "Waling'oa hata fremu za madirisha."

"Na sukari inayobaki kwenye damu inagandana na nyama za mishipa. Umeona kashata inavyokauka? Mshipa nao unakakamaa hivyohivyo. Huo ndio uzee, mama. Hausubiri miaka."

Nilikohoa. "Dokta, hilo neno."

"Neno gani?"

"Uzee."

"Sijalisema," akajibu Dokta, akaongeza maji bombani. "Mama, acha sukari. Kula dona, kula mlenda, kunywa maziwa mgando. Kidonda kitafunga na mguu utabaki wako."

"Na hii chai ya madirishani nitaipeleka wapi?"

Dokta akautazama mfuko wa shati langu. "Hilo muulize mwenye kijiko."

Mwenye kijiko alitazama dari. Ilikuwa dari nzuri.

*

Nyamizi akatundika kibuyu jikoni, akagandisha maziwa kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kila siku kunde, kila siku mlenda, na ofisini hakukanyaga tena. Tumbo langu lilizipokea kunde kama serikali inavyopokea maswali: kwa kelele nyingi na bila jibu. Lakini la kwake lilinyamaza. Kiu ikaondoka. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, kikajikunja, siku moja akanionyesha kovu tupu.

Akaanza tena kupanda kile kilima cha sokoni. Mimi nilimfuata nyuma na kapu, nikisimama kwenye kila mti kutazama mandhari.

"Mandhari gani?" ananiuliza. "Hapo ni choo cha soko."

Wanawake wakamzunguka. "Shoga, siku hizi unapaka nini usoni?"

"Sipaki. Nalisha."

*

Wakati huohuo habari za wapangaji zilimfikia Mheshimiwa Makorongo, Waziri wa Matumbo na Maendeleo ya Ndani. Alizipata kwenye ndege, katika gazeti la kigeni ambalo alikuwa amejifunikia uso ili alale. Aliporudi aliitisha mkutano wa hadhara. Nilikuwepo, nikikoroga.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kwa muda mrefu serikali imewaongoza watu wa nje, ikawasahau watu wa ndani! Katika tumbo la kila mmoja wenu wanaishi vijidudu matrilioni. Nauliza, hao wana mwenyekiti wa mtaa?"

"Hawanaaa!"

"Wana diwani?"

"Hawanaaa!"

"Sasa wanaishije? Kuanzia leo ni raia kamili. Na kwa kuwa raia hao hawajawahi kukilalamikia chama, chama kinawahesabu kuwa wanachama."

Kwenye uchaguzi uliofuata chama kilipata kura nyingi kuliko nyota. Mgombea wa upinzani alipolalamika, aliambiwa kwa upole kwamba hata waliomo tumboni mwake wamemkataa.

"Na raia hawa wanapenda nini?" akaendelea Mheshimiwa siku ile. "Msiniulize mimi. Waulizeni wenyewe!" Akakisogeza kipaza sauti tumboni. Tumbo la Waziri likanguruma katika spika zote nane, muda mrefu, na kuelekea mwisho kwa uchungu. Uwanja ukashangilia. "Mmesikia? Wanataka sukari!"

Kijiko kimoja kikaongezwa kwa kila kikombe nchini. Kisha kikapigwa marufuku kila kitu kilichochacha. Maziwa mgando, togwa, uji wa kulala. Sababu ilikuwa nyepesi hata mtoto angeielewa: ni mikusanyiko ya raia isiyo na kibali.

*

Koplo Shimbe alikuja asubuhi, akabisha hodi kwa rungu.

"Mama, tumepata taarifa kwamba humu kuna mkusanyiko."

"Tuko wawili tu, mwanangu," akasema Nyamizi. "Na huyu mmoja usimhesabu, ni mkoroga chai."

"Si nyinyi. Hao." Akaelekeza rungu kwenye kibuyu.

Nyamizi akacheka mpaka akashika meza. "Pingu utawafunga wapi?"

"Mama, usinitanie, niko kazini. Kiongozi wao ni nani?"

"Waulize. Wewe ndiye mwenye rungu."

Koplo akakisogelea kibuyu, akaiweka sawa kofia yake. "Tawanyikeni!" Akangoja. Kizibo kikatoa mlio mdogo, pfff. Koplo akanigeukia. "Umesikia mwenyewe, mzee. Dharau."

Akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, maana ushahidi hautakiwi kutikiswa. Nyamizi alimfuata mpaka uani, na sasa hakuwa anacheka.

"Koplo, mwanangu. Huyo unayembeba ndiye anayenitembeza."

Koplo alisimama, mgongo ukiwa kwetu. "Najua, mama," akasema. "Mama yangu naye ana mguu." Akaenda zake.

Kibuyu kilifia mahabusu. Nasikia askari wa kituo kile walikuwa na afya njema kwa wiki nzima.

Nyamizi hakukata tamaa. Akaanza kugandisha maziwa ndani ya chupa ya chai yenye nembo ya taifa, ambayo askari yeyote aliyeiona aliipigia saluti akapita.

*

Kisha ikaja Siku ya Ujana. Kamati ilizunguka mitaani kutafuta mtu wa kupandishwa jukwaani, ushahidi kwamba sukari haizeeshi. Wakazunguka sana. Mwisho wakamwona Nyamizi akishuka kilima na ndoo kichwani, wakapiga magoti kumshukuru Mungu.

Alitakiwa kunywa kikombe cha heshima cha vijiko kumi na saba, hadharani, kisha aishukuru serikali. Mkorogaji ningekuwa mimi.

"Nikinywa, mguu unarudi kufunguka," akaniambia nyumbani. "Nikikataa, tunalala ndani wote wawili. Baba Milembe, wewe ndiye msomi. Tufanyeje?"

Msomi alijikuna. Alifikiri mambo makubwa makubwa: kuzimia, kumwaga birika, kuzua moto mdogo. Nyamizi aliniangalia kwa huruma, kisha akasema, "Sukari inasikika, si ndivyo mlivyofundishwa?"

Jukwaani nikashika kikombe kisicho na sukari hata chembe, nikamimina chai, nikakoroga. Jamani, nilikoroga! Kling'i kling'i kling'i, mkono mzima mpaka bega, jasho likinitoka, nikiwa kama mtu anayemwokoa mwenzake kisimani. Watu walimeza mate. Bibi mmoja mbele aliomba maji akisema utamu umemkaba.

Nilisahau jambo moja tu, nalo ni desturi yetu. Kikombe cha heshima huonjwa kwanza na mkubwa. Mheshimiwa Makorongo akanyoosha mkono, akakichukua. Nilimwona Nyamizi akifumba macho. Mimi nilifumba na mdomo.

Waziri akanywa. Akalamba midomo. Akanywa tena.

"Ndugu wananchi," akasema, na machozi yalimlengalenga, "sijawahi kunywa chai tamu namna hii!"

Ulimi wake ulikuwa umekufa zamani. Alikuwa anakunywa kwa masikio.

*

Palepale nikapandishwa kuwa Daraja la Kwanza, nikahamishiwa makao makuu kumkorogea Waziri mwenyewe. Nilimpelekea Nyamizi habari hiyo nikiwa nimetunisha kifua. Aliniwekea nguo kwenye begi.

"Nenda," akasema. "Angalau katika nchi hii kikombe kimoja kiwe safi. Ila usijivune sana, unazungusha hewa sasa."

Mheshimiwa hakutaka mkorogo mwingine ila ule wa jukwaani. Nikamkorogea hewa asubuhi, mchana na jioni. Mpishi wake akaambiwa apike anachokula yule mama kijana, ikawa dona na mlenda. Tumbo la Waziri likashuka. Pumzi ikarudi. Akawa anapanda ngazi za wizara mbilimbili, na siku moja alimkimbiza dereva wake aliyechelewa, akamkamata. Aliitangazia nchi kwamba hayo ni matunda ya sera ya sukari, na kwamba kwa afya hii anaweza kutumikia miaka mingine thelathini.

Huko nyumbani dirisha langu lilipewa mkorogaji mwingine. Alikuwa mtu mwaminifu, vijiko alivitia vyote. Hakuwa na ubaya mwingine. Wizara nayo ilikuwa imefungua madirisha mapya ya kuwaandikisha vijidudu, na kila mtu alitakiwa kuwaleta wa kwake, akiwa amewabeba, na kila dirisha lilikuwa na kikombe chake. Nyamizi alimwaga alivyoweza kumwaga. Vingine alikunywa huku wanamtazama. Mguu ukafunguka. Akaenda hospitali kuutibu, na huko, ili atibiwe, akanywa getini, akanywa mapokezi, akanywa mlangoni mwa maabara.

Nilifika wadini akiwa bado ananitambua.

"Umekuja na kijiko?" akaniuliza.

"Nimekiacha."

"Mwongo. Kinachungulia." Akatabasamu, akafumba macho.

Dokta Hamduni aliandika kwamba amekufa kwa ujana uliopindukia. Hapakuwa na sababu nyingine iliyoruhusiwa. Alinishika mkono kwa muda mrefu, bomba likimwaga maji.

Mheshimiwa Makorongo alikuja kuzika. Alipanda kile kilima kwa miguu, akatuacha sote nyuma, akafika kaburini kabla ya jeneza. Alisema marehemu alikuwa nembo ya sera. Mimi nilikuwa nawaza kwamba sijui Nyamizi anaweka wapi chumvi. Miaka yote ile ndani ya nyumba ile, na sikujua mahali pa chumvi.

*

Nilikaa matanga, nikakaa mpaka arobaini. Waziri akapewa mkorogaji wa muda, mtaalamu wa chuo, ambaye alimwekea vijiko kumi na saba kama sheria inavyotaka.

Niliporudi kazini nilimkuta Mheshimiwa ameinama dirishani anatema mate bustanini, ofisi nzima ikimpepea.

"Wameniwekea sumu!" akasema. Ulimi wake ulikuwa umefufuka. "Onja, ndugu yangu. Onja! Binadamu anaweza kunywa kitu hiki?"

Jibu la swali hilo nililipata jioni, njiani nikirudi nyumbani, nikalisema vizuri kabisa, kwa kituo na kwa sauti, mbele ya mbuzi wa jirani. Pale ofisini nilisema, "Pole, Mheshimiwa."

Baada ya wiki likatoka tangazo. Viongozi wote wa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea wamejitolea, kwa uchungu mkubwa, kuacha sukari. Vijiko vyao wamewaachia wananchi. Watu waliandamana kushukuru.

Niliomba kuteremshwa cheo. Afisa utumishi alidhani msiba umenichanganya, maana hakuna aliyewahi kuomba hivyo. Walilazimika kuuliza kama inawezekana. Ikawezekana. Wakaniweka Daraja la Tatu, dirisha la mapokezi, katika hospitali ileile.

Hapo ndipo nilipo. Nakoroga hewa kutwa. Sijui kama inasaidia, maana mtu akitoka kwangu anakwenda kunywa maabara, na kule yuko mtu mwaminifu.

Jana alikuja mama mmoja, kitenge cha kijani, anatembelea fimbo, kisigino kimefungwa bandeji. Nikamkorogea. Akanywa funda moja, akakishusha kikombe.

"Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe, "mbona umesahau su..."

Nikamtazama. Nyuma yake foleni ilikuwa inasikiliza, na Koplo Shimbe alikuwa kwenye benchi amemleta mama yake. Yule mama akakitazama kikombe. Akautazama mguu wake. Akanitazama mimi, shati langu, uso wangu, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Kisha akaingiza mkono dirishani, akaninyang'anya kijiko.

"Hujui kukoroga wewe," akasema. "Hebu lete hapa nikuonyeshe."

Akakoroga mpaka foleni nzima ikageuka.